Namna ya Kuyafaidi Maua ya Septemba Lubumbashi Kabla Mvua Haijafika

Watoto wetu wa Lubumbashi husoma katika vitabu vya Kifaransa kwamba majira ya machipuko huanza mwezi wa Machi, ndege wakarudi na bustani zikajaa maua. Wakitoka nje ya darasa mwezi huo wanakuta matope, mahindi yaliyokomaa na mvua inayokaribia kuaga. Kosa si la mwalimu. Kitabu kiliandikiwa watu wanaoishi kaskazini ya ikweta, nasi tuko kusini yake, mahali ambapo msimu wa baridi huisha Agosti na usiku hulingana na mchana tarehe 22 au 23 Septemba, joto likiwa njiani kuja. Majira yetu ya machipuko, basi, huanza mwishoni mwa Agosti na kufika katikati ya Oktoba, na yana tabia moja ambayo humshangaza kila mgeni: miti huchanua na kuchipua wakati ardhi ni kavu kuliko wakati wowote wa mwaka, wiki nyingi kabla ya mvua ya kwanza ya maana. Anayengoja mvua inyeshe ndipo atoke kutazama maua atakuta mijakaranda imekwisha kupukutika.

Maelezo yafuatayo yanamhusu mkazi wa mji huu, au mgeni atakayepita miezi hiyo, anayetaka kuyatumia vizuri majuma hayo machache bila gharama kubwa.

Kuutambua wakati wenyewe

Lubumbashi imekaa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na ndiyo maana Juni na Julai tunalala chini ya mablanketi mawili huku joto la usiku likishuka chini ya nyuzi 10. Agosti baridi hulegea, lakini upepo huamka na kupeperusha vumbi jekundu, na pembezoni mwa mji nyasi huchomwa, hivyo jua la jioni huonekana kama sarafu ya shaba nyuma ya moshi. Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30, na mwili huchoka mapema. Mvua zenyewe, ambazo kwa mwaka hufikia milimita 1,200 hivi, karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Machi. Ukiyapanga hayo kwenye kalenda utaona kwamba kati ya baridi na joto kali kuna mlango mwembamba, na mlango huo ni Septemba pamoja na siku za mwanzo za Oktoba.

Ndani ya mlango huo zipo siku zinazozipita nyingine zote kwa uzuri, na kuna miaka ambayo siku hizo huja nyingi kuliko kawaida. Hutokea wingu likamwaga manyunyu usiku mmoja, mapema kabla ya msimu wake, kisha likaenda zake. Manyunyu hayo hayamfai mkulima, kwa kuwa hayalowanishi udongo hata kina cha kidole, ila yanatosha kuosha vumbi kwenye majani na kuondoa moshi hewani. Kesho yake asubuhi utaamka na kukuta harufu ya udongo, upepo umetulia, mawingu membamba yamelikinga jua, na joto ni la kuvaa shati jepesi bila kutokwa jasho. Hiyo ndiyo siku ya kutoka.

Kipimo changu ni kile kilima cheusi cha mabaki ya madini kilicho kando ya bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, ambacho kila mtu wa mji huu anakijua. Siku za Agosti kilima hicho huonekana kama kivuli tu. Asubuhi utakapoweza kuona kingo zake zimechongeka wazi, na mifereji iliyochorwa na mvua za miaka iliyopita ubavuni mwake, ujue hewa ni safi na rangi za maua zitaonekana zilivyo. Usingoje Jumapili. Mwaka mmoja niliiacha asubuhi ya namna hiyo kwa sababu ya kikao cha ukoo kuhusu mahari ya binamu yangu, nikijiambia kwamba maua hayana miguu. Siku nne baadaye upepo ulikuwa umerudi, vumbi limetanda, na nusu ya maua iko mtaroni. Leo ni leo, na katika jambo hili msemo huo ni wa kufuatwa neno kwa neno.

Mjakaranda: anza kwa kutazama chini

Mti unaoupa mji sura yake Septemba si wa kwetu kwa asili. Mjakaranda ulitoka Amerika ya Kusini, pande za Argentina na Bolivia, ukasambazwa katika miji iliyopangwa wakati wa ukoloni, ndiyo maana tunashiriki rangi hiyo ya zambarau na Lusaka, Harare na Pretoria. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ukapewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, na avenyu zake za zamani, pana na zilizonyooka, ndizo zinazofaa kwa matembezi haya. Mimi huanzia karibu na kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, nikafuata avenyu za katikati ya mji bila haraka, na nikiwa na muda naendelea hadi mitaa ya zamani kama Makomeno, ambako miti imezeeka pamoja na nyumba zake.

Nenda kwa miguu. Anayepita kwa gari huona ukanda wa zambarau na kusema kwamba ameona. Nenda pia mapema, jua likiwa limetoka tu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jua la mchana huifyonza rangi hiyo; saa za adhuhuri mti uleule uliokuwa wa zambarau iliyokolea huonekana kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Siku ya mawingu membamba hushinda hata siku ya jua, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione. Sababu ya pili ni ufagio.

Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye amefagia mbele ya lango lake kila alfajiri tangu nimfahamu, huanza kazi kabla ya jogoo wa pili. Siku moja nilimwomba ayaache maua yaliyoanguka usiku mpaka jioni, ili wageni wangu wayaone.

“Mama, yaache kidogo, ni mazuri.”

Alisimama, akaegemea ufagio, akanitazama kwa huruma ile wanayopewa vijana waliosoma sana. “Papa, weye unaita maua. Miye naita kazi.”

Tulielewana kwamba angeacha upande wa barabara na kufagia upande wa lango, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Nakushauri ufanye mapatano kama hayo mtaani kwako, kwa maana zulia lililo chini ya mti ni nusu ya uzuri wake, na halidumu hata saa tatu baada ya watu kuamka.

Sasa inama, uokote ua moja ambalo bado halijanyauka. Ni tarumbeta ndogo ya sentimita nne au tano, laini kama ngozi ya sikio la mtoto, limejipinda kidogo, na midomo yake mitano imekunjwa kwa nje. Lipasue kwa ukucha kutoka mdomoni mpaka kwenye kitako. Koo lake ni jeupe, na katikati yake kumelala uzi mrefu wenye manyoya kama mswaki wa mwanasesere. Uzi huo ni stameni, yaani kiungo cha kiume cha ua, isiyotoa chavua; zile nne zenye chavua ni fupi na zimejibanza juu, pembeni. Nyuki aingiaye hawezi kuukwepa mswaki huo. Tega sikio chini ya mti wenye nyuki wengi, yaani simama hapo kimya kwa dakika moja, utasikia mti mzima ukivuma. Nyuki hao wana shughuli zao na hawamsumbui mtu, lakini yule aliyeanguka pamoja na ua bado ana mwiba, kwa hiyo watoto wasitembee pekupeku juu ya zulia hilo hata kama linawavutia.

Usichume matawi kwa ajili ya chombo cha mezani. Maua ya jakaranda hudondoka kabla hujafika nyumbani, utabaki na vijiti. Wala usiegeshe gari chini ya mti kwa muda mrefu, kwa sababu maua yaliyopondeka na utomvu wake hushika kwenye rangi na kioo. Penye vigae au saruji laini, maua yaliyolowa umande huteleza kama ganda la ndizi. Wazee washikwe mkono.

Kwa wapenda picha, simu inatosha. Simama upande ambao mwanga unatoka nyuma ya mti ili kila ua lipitishwe mwanga, au piga kwa chini kabisa, simu ikiwa karibu iguse lami, upate zulia na safu ya mashina kwa pamoja. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba kabla ya kupiga lango lake. Na kwa hali yoyote usielekeze simu kwenye kambi, ofisi za serikali, askari wala vizuizi vya barabarani. Maelezo kwamba ulikuwa unapiga maua huchukua muda mrefu kuaminika, nasema hivyo kama mtu aliyewahi kuyatoa.

Ukiwa njiani utakutana na maua mengine yasiyohitaji safari yake peke yake. Bogainvilia hupanda kuta karibu kila mtaa, na ile rangi ya waridi au chungwa unayoisifu ni majani yaliyobadilika tu. Ua lenyewe ni kidoa cheupe kilicho katikati. Frangipani hunukia zaidi giza linapoingia. Flamboyanti, mti wa Madagaska ambao ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huuita mkrismasi, huanza kuwaka mwekundu mijakaranda inapomaliza, na huendelea mpaka mvua zikolee.

Msitu unaochipua mwekundu

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wengi wa mjini, ambao kwao maua ya Septemba ni jakaranda basi. Kitu kikubwa zaidi cha majira haya kiko nje ya mji, nacho hakipandwi na mtu. Miombo, msitu wa asili wa eneo letu la Katanga, huvaa majani mapya kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, na majani hayo hayatoki ya kijani. Hutoka mekundu, ya waridi, ya rangi ya mvinyo, ya shaba iliyosuguliwa, kila mti na rangi yake, kisha kwa majuma mawili au matatu hupauka na kugeuka kijani. Mtu aliyezoea kuona picha za misitu ya Ulaya wakati majani yanapokufa angedhani msitu huu unakufa, kumbe ndio unazaliwa.

Miti hii maji huyapata wapi? Mizizi ya miti hiyo, ambayo mingi ni ya jamii za Brachystegia na Julbernardia, hushuka chini sana, na shina lenyewe limehifadhi maji ya msimu uliopita. Mti haungoji mawingu, bali huchipua siku zinapoanza kurefuka na joto kupanda, ili mvua itakapofika ikute majani yapo tayari kufanya kazi. Wekundu ni rangi inayokuwamo ndani ya majani machanga kabla kijani hakijajaa. Mambo haya yalichunguzwa hapahapa kwetu, hasa na François Malaisse, mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi na kuufuatilia msitu wa miombo kwa miaka mingi.

Kuufikia msitu huo si kazi rahisi kama ilivyokuwa zamani za wazazi wetu. Makala, yaani makaa ya miti, tunayopikia bukari, ugali wetu, yametoka humo, na kila mwaka ukingo wa msitu husogea mbali na mji. Pori nililokuwa nikienda, kando ya barabara ya Likasi, nililikuta siku moja limekuwa visiki na matanuri ya makala yanayofuka. Sikuwa na wa kumlaumu, kwa sababu gunia lililokuwa jikoni kwangu asubuhi hiyo halikushuka kutoka mbinguni. Kwa hiyo uliza kwanza kwa mtu anayesafiri mara kwa mara kuelekea Likasi au Kasenga ni wapi miti mirefu bado imesimama. Chagua mahali penye kijiji karibu, fika kwa mzee wa kijiji umsalimie kabla ya kuingia porini, umweleze unachokuja kutazama, na ukubali kijana wa kukuongoza, umlipe kwa heshima. Usiingie peke yako, wala usiingie eneo lililowekwa alama za mgodi. Barabara ya Kasumbalesa naiacha kwa makusudi. Malori ya madini ni mengi mno kwa mtu anayetaka kutazama miti.

Beba maji ya kutosha, lita mbili kwa mtu mzima si nyingi, kofia, suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu, kwa sababu ya kupe na visiki vilivyochongoka. Viazi vitamu vya kuchemsha na karanga zinafaa kuliko chakula cha kuharibika. Usiwashe moto wowote, hata wa kuchoma mahindi, kwa maana nyasi za Septemba hushika kama karatasi.

Ukiingia, fanya kama ulivyofanya chini ya mjakaranda: tazama chini. Penye ardhi iliyoungua Julai au Agosti, katikati ya majivu meusi, utaona maua yamechomoza bila jani, moja hapa, kundi pale, meupe, manjano, zambarau. Baadhi yake ni ya mimea ya porini yenye vitunguu chini ya udongo. Mengine ni miti kamili, ila imelala chini ya udongo: shina na matawi yake yamejitandaza ardhini ili moto upite juu bila kuyagusa, na kinachotoka nje ni ncha tu zenye majani machache na maua, zisizofika hata kwenye goti. Piga magoti, pangusa jivu taratibu kwa vidole kando ya ua, utaukuta ubao mgumu unaoendelea kwenda chini na pembeni. Unaweza kuwa umekanyaga juu ya kilele cha mti mkubwa kuliko wewe. Rudisha udongo na usichimbe zaidi.

Utasikia watu wakitaja ua la shaba. Lipo: ni mmea mdogo ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, unaoota pale ambapo udongo una shaba nyingi kiasi cha kuizuia miti mingine, na watafiti wa mambo ya kale waliutumia kutambua mahali mababu zetu walipoyeyushia shaba. Lakini huchanua mvua zinapokwisha, si Septemba, hivyo anayekuahidi kukuonyesha safari hii anataka nauli yako. Ukilikuta wakati wake, liache mahali pake, kwani makazi yake ni milima ileile ambayo migodi inaila.

Kuyaleta majira nyumbani

Anayetaka maua yake mwenyewe katika parseli, yaani kiwanja, ndogo aanze na bogainvilia. Kata tawi lililokomaa, lenye unene wa penseli na urefu wa shubiri moja, lichomeke kwenye kopo lenye udongo na mchanga, uliweke kivulini mpaka litoe majani. Likishakua, usilimwagilie kila siku. Kiu kidogo ndiyo inayolifanya litoe rangi, na maji mengi hulifanya litoe majani matupu. Katika mji ambao bomba hukaa siku kadhaa bila tone, ni mmea unaotuelewa.

Mjakaranda unahitaji subira na nafasi. Okota chini ya mti yale maganda bapa, magumu kama mbao, yanayopasuka kama midomo miwili. Ndani yake kuna mbegu nyembamba zilizozungukwa na utando unaoonyesha mwanga. Ziloweke usiku kucha, zifukie juujuu ndani ya kopo, uziweke mahali pa joto, na baada ya majuma mawili au matatu zitaota. Hamishia mche ardhini mvua za Novemba au Desemba zikishakolea, si kabla, umbali wa mita tano au zaidi kutoka ukutani, mbali na mabomba ya maji na usiwe chini ya waya za umeme, maana siku mafundi watakapokuja kukata matawi hawatauliza unachanua lini. Kiangazi cha kwanza upe maji uliyooshea mboga, ndoo moja mara mbili kwa juma, na uuzungushie miiba mpaka upite kimo cha mbuzi wa jirani. Maua ya kwanza yatachukua miaka mingi, na yule jirani yangu wa ufagio amekwisha kuniuliza ni nani atakayeyafagia.